Taa za banda la kuku wa mayai: dalili unazoziona, chanzo chake na la kufanya

Mwaka jana nilihangaika wiki tatu na kuku 280 nisijue kinachowasumbua. Mayai yalishuka kutoka trei 8 kwa siku hadi 6 na kitu, na yaliyobaki yakawa yanakuja saa zisizo zake. Nilizoea kumaliza kuokota kabla ya adhuhuri, sasa nikawa naokota mengine saa 10 jioni. Nikabadilisha chakula. Nikawapa dawa ya minyoo. Nikamgombeza kijana anayenisaidia kwamba anachelewesha maji, na hilo nilikuja kumwomba radhi.

Usiku mmoja niliamka saa 7 kufunga dirisha, mvua inapiga kutoka upande wa bahari, nikaona banda linawaka. Saa 7 usiku! Taima niliyoitega mwenyewe iwashe saa 12 jioni na kuzima saa 2:30 usiku ilikuwa imechelewa saa 5 nzima. Ni ile taima ya duara, yenye vijino vya kubonyeza pembeni, isiyo na betri ndani. Umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea palepale ilipoishia. Wiki zile umeme ulikatika mara kadhaa, na kila mara saa ya kuku wangu ikasogea mbele kidogo. Taa ya alfajiri, niliyoipanga iwake saa 10:30, ilikuwa inawaka saa 3:30 asubuhi, jua limeshapanda juu ya minazi. Mimi nilikuwa naiona inawaka mchana na kudhani kijana amesahau swichi.

Tangu hapo, mfugaji mwenzangu akiniambia mayai yamepungua, swali langu la kwanza ni taa. Chakula na ugonjwa tunavikumbuka wenyewe. Taa tunaifunga siku moja, tunaisahau, kumbe ndiyo inayomwambia kuku kila siku kama ni wakati wa kutaga au wa kupumzika.

Hesabu kwanza saa za mwanga

Kuku hapokei mwanga kwa macho peke yake. Mwanga hupenya fuvu lake na kufika sehemu ya ubongo inayoamuru homoni za uzazi. Mfaransa Jacques Benoit aliionyesha kazi hii ya mwanga kwa mabata katika miaka ya 1930, na hata kuku kipofu huitikia siku ikirefushwa. Mwanga mwekundu na wa manjano hupenya vizuri kuliko wa bluu, ndiyo maana kwa kuku wanaotaga tunachagua balbu yenye mwanga wa manjano, ile ambayo kwenye boksi pameandikwa 2700K au 3000K, tunaiacha ile nyeupe ya kukata macho.

Hapa Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku ndefu ya Desemba inaizidi ile fupi ya Juni kwa dakika 35 hivi tu. Jua letu linampa kuku saa 12 mwaka mzima, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kuku wa kisasa aliyeshika kutaga anataka saa 14 hadi 16. Hizo saa 2 hadi 4 za juu ndizo tunazoziongeza kwa balbu. Wafugaji wa Ulaya wanapambana na siku inayorefuka na kufupika kwa saa nyingi kati ya kiangazi na baridi. Sisi hatuna shida hiyo. Kwa hiyo siku ikifupika ndani ya banda la Pongwe au Kange, usilitazame jua. Ni mkono wa mtu au kifaa cha mtu.

Yashike mawili. Tembe anayekua, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, usimrefushie siku kabla ya wakati wake. Kuku anayetaga usimfupishie. Matatizo mengi utakayoyasoma hapa yanatokana na kuvunja moja kati ya hayo, na yaliyobaki yanatokana na kumnyima kuku giza lake. Giza nalo ni haki yake: saa 8 za usiku mfululizo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ya kulinda kuku wa mayai inataka karibu theluthi moja ya siku iwe giza lisilokatizwa, na taa zizimike taratibu ili kuku wapate kujipanga kulala. Hapa kwetu hakuna atakayekuja bandani kukagua hilo. Ni juu yako na moyo wako.

Mayai yanapungua polepole, manyoya yametapakaa sakafuni

Ukiingia asubuhi ukakuta manyoya kwenye maranda kana kwamba mtu amepasua mto, shingo za kuku zimeanza kunyonyoka, na mayai yamekuwa yakipungua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, kuku hao wanabadilisha manyoya. Mwili wao umepokea habari kwamba siku inafupika, kwa hiyo umefunga kazi ya mayai na kuanza kuvaa upya. Kama umri wao ni mwaka na nusu, huenda ni zamu yao ya kawaida. Kama wana wiki 35, tafuta mwanga uliopotea.

Msimu wa kuyakuta haya ni masika, kati ya Machi na Mei, hasa kwa wanaotumia sola. Mawingu yanatanda siku tatu mfululizo, paneli ina vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, betri ina miaka yake. Wewe unafunga banda saa 1 usiku taa inawaka vizuri, unaenda kulala na amani. Hujui kwamba saa 1:40 imefifia na saa 2 imekufa. Leo dakika 30 zimepotea, kesho 40. Kwa kuku hayo ni majira yamegeuka.

Usimwamini mtu aliyekuambia taa ziliwaka. Nenda mwenyewe saa ambayo taa inatakiwa kuzimika, ukae hapo mpaka uone ikizimika, usiku mitatu mfululizo. Kama taa ni za alfajiri, weka kengele kwenye simu. Kama ni taima ya duara, ilinganishe na saa ya simu yako kila baada ya umeme kukatika, au nunua ya kidijitali yenye betri ndogo ndani inayoshika saa hata umeme usipokuwepo. Futa paneli kwa maji baridi na kitambaa asubuhi kabla haijapata moto.

Kama betri haiwezi kubeba saa 16 wakati wa masika, ushauri wangu ni upange saa 14 tangu mwanzo wa kundi na uzishike. Naona watu wanakimbilia 16 kwa sababu ndiyo namba waliyoisikia. Kuku wa saa 14 zisizotikisika atakulipa kuliko wa saa 16 za Januari zinazogeuka 13 mwezi Aprili.

Ukisharekebisha, usitegemee mayai kesho. Kiini chenyewe kinachukua siku 7 hadi 10 kukua mpaka kuwa tayari, kwa hiyo hesabu wiki mbili au tatu kabla ya kuona tofauti. Kwa wale walioshaanza kunyonyoka sana, inaweza kufika miezi miwili. Wape chakula kizuri na uwavumilie. Kuwachinja kwa hasira katikati ya kunyonyoka ni hasara mara mbili.

Matembe wameanza mapema, mayai madogo, ganda lina damu, wengine wanatokwa na mfuko nyuma

Hili lilinigharimu. Nililea matembe 60, wakafika wiki 15, wazuri, wanang'aa. Banda lao likawa linavuja nikawahamishia kwa wakubwa, ambao walikuwa kwenye saa 16. Usiku mmoja tu siku yao ikaruka kutoka saa 12 hadi 16. Ndani ya wiki tatu wakaanza kutaga. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu hawa wana bahati. Mayai yalikuwa madogo kama ya kwale mkubwa, mengine yana viini viwili, na mengi yana mstari wa damu kwenye ganda. Halafu nikamkuta wa kwanza pembeni ya kiota: nyama nyekundu yenye unyevu imetoka nyuma, ukubwa wa ndimu, na wenzake watatu wamemzunguka wanaidonoa. Nilipoteza watano kabla sijaelewa.

Sababu ni kwamba mwanga uliamrisha mayai kabla ya mwili kuwa na nafasi ya kuyapitisha. Nyonga bado haijapanuka, misuli ya njia ya mayai bado dhaifu. Kuku wa aina za kahawia tunaowafuga wengi anatakiwa awe na kama kilo 1.4 hadi 1.5 anapofika wiki 17 au 18, na hapo ndipo unapoanza kumwongezea mwanga. Tazama uzito kuliko kalenda. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inatosha: mtie kuku kwenye mfuko wa kiroba, kichwa nje, mpime. Pima 20 waliochanganyika, usichague wanene walio karibu na mlango. Kama wastani haujafika, wape wiki moja au mbili zaidi za jua tupu.

Uzito ukishafika, ongeza nusu saa kila wiki mpaka ufike pale ulipopanga. Kutoka saa 12 hadi 15 ni wiki 6. Ukiona ni mwendo wa kobe, kumbuka wale watano wangu.

Likishatokea, mtenge aliyeathirika mara moja, mahali penye kivuli na utulivu, maana wenzake hawatamwacha. Osha sehemu hiyo kwa maji safi ya uvuguvugu, irudishe ndani kwa kidole chenye mafuta kama bado ni safi na haijachanika, na umwite bwana mifugo. Wengi hurudiwa, ndiyo maana kinga ni kubwa kuliko tiba hapa. Kwa kundi lililobaki usirudi nyuma ghafla kuwafupishia siku, simamisha nyongeza palepale ilipo kwa wiki mbili tatu.

Wiki 22 na hawajataga

Waulize waliokuuzia: walikuwa wanapata mwanga saa ngapi? Kuna wanaolea matembe kwa taa usiku kucha ili wale sana. Wakifika kwako kwenye saa 12 za jua, mwili wao unaona siku imefupika kwa nusu, na wanakaa wakisubiri. Dawa ni kuongeza mwanga hatua kwa hatua, mradi uzito upo. Kama uzito haupo, shida ni chakula.

Wanadonoana

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni jambo la mateso, na kwa sababu watu wengi wanakimbilia kukata mdomo kabla ya kutazama juu kwenye balbu.

Angalia kwanza wanadonoana wapi. Manyoya yaking'olewa mgongoni na shina la mkia, mara nyingi ni uchoshi, msongamano au chakula kisicho na protini na chumvi ya kutosha, na mwanga mkali unazidisha. Wakidonoana sehemu ya nyuma, kwenye njia ya haja, tazama viota: kuku akitaga, ute mwekundu wa ndani huonekana kwa sekunde chache, na kama kiota kina mwanga wenzake wanauona na kuuparamia. Kiota kinatakiwa kiwe na kivuli cha kutosha kumfanya ajione amejificha. Kipande cha gunia kilichokatwa vipande viwili na kuning'inizwa mlangoni kinafanya kazi hiyo vizuri.

Pima ukali wa mwanga hivi. Chuchumaa kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, ufungue gazeti. Ukiweza kusoma maandishi ya kawaida bila kukunja macho, panatosha, hiyo ni kama laksi 10 hadi 20 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Zipo programu za simu za kupima laksi, si sahihi sana lakini zinatosha kulinganisha kona moja na nyingine. Kama gazeti linakuchoma macho kwa weupe, umezidisha. Nimeona banda dogo la kuku 100 lina taa ya uwanjani, ile ya watu wa harusi, mwenyewe anasema kuku wanapenda mwanga. Kuku wale walikuwa na migongo kama ya kuku aliyeandaliwa kwa sufuria.

Halafu tafuta miale ya jua. Banda lililojengwa ubavu wake ukitazama magharibi hupigwa na jua la saa 10 jioni kupitia wavu, linachora mistari mikali sakafuni. Kuku wanajazana kwenye mistari hiyo, na manyoya yanayong'aa juani yanawavuta wenzao kudonoa. Ukijenga upya, kichwa cha banda kielekee mashariki na magharibi, ubavu kaskazini na kusini. Kama limeshajengwa, pazia la makuti au la viroba upande huo linatosha, mradi usizibe hewa. Joto na unyevunyevu wa Tanga usio na upepo ni adui mwingine.

Jambo la tatu ni kumetameta. Jicho la kuku hukamata kasi ambayo jicho letu halikamati. Kwetu balbu imetulia, kwake inaweza kuwa inapiga piga kama taa ya disko mchana kutwa. Chukua simu, fungua kamera, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, balbu hiyo inameta. Balbu za bei ya kutupa na taa za mrija zilizochoka ndizo zenye kawaida hiyo. Badilisha. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko thamani ya yai moja kwa kila kuku.

Wakati unatafuta chanzo, unaweza kufunga balbu nyekundu kwa siku chache, kwa kuwa chini ya mwanga mwekundu damu haijitokezi na kuku hutulia. Tenga waliojeruhiwa, wapake ile dawa ya zambarau ya GV, ambayo pia inaficha wekundu wa kidonda. Ning'iniza fungu la mchicha au kabichi nzima usawa wa kuruka kidogo, tupa punje za mtama kwenye maranda wapekue. Lakini usiligeuze banda kuwa pango ili wasionane. Kuku anayeishi kwenye giza la mchana hapekui, hatembei, na macho yake yanadhoofika. Hayo si matunzo, hata kama kudonoana kumekwisha. Kuku anaona rangi kwa aina 4 za chembe za jicho ambapo sisi tuna 3, na anaona hata ule mwanga wa urujuanimno, uliopita zambarau, ambao kwetu haupo kabisa. Balbu ya dukani haimpi huo. Mwanga wa mchana kupitia wavu, au saa mbili tatu nje chini ya mwarobaini, unampa.

Taa ikizimika wanapiga kelele na kurundikana

Kuku haoni gizani. Taa ikikatwa ghafla saa 2:30 usiku akiwa bado kwenye chombo cha chakula, atalala hapo hapo, au atakimbilia wenzake ukutani. Wanapandana, na asubuhi unakuta wa chini wamekufa, hawana jeraha, wamekosa hewa. Watu wanasema ni nyoka.

Mimi baada ya kisa cha taima nilihamisha saa zote za nyongeza upande wa alfajiri, kidogo kidogo, dakika 15 kila siku chache. Sasa taa inawaka saa 9:30 usiku na kuzima saa 1 asubuhi, wakati kwa mwaka mzima hapa jua limekwishatoka hata siku ya mawingu. Jioni jua linazama lenyewe kati ya saa 12:15 na 12:45, mwanga unapungua taratibu, kuku wanapanda vichanjani bila kusukumwa. Hizo ni kama saa 15. Kuna faida nyingine mbili kwa mazingira yetu: wanakula sana ule ubaridi wa kabla ya adhana ya alfajiri, na siku za mvua kumbikumbi hawaji kujazana kwenye taa ya jioni na kuwafanya kuku waruke ovyo. Chakula na maji viwepo tangu jioni, na vyombo vining'inizwe, la sivyo utakuwa unalisha panya.

Ukitaka taa ya jioni, weka balbu ndogo hafifu juu ya vichanja kwenye waya wake na swichi yake. Izime kubwa kwanza, ndogo ibaki dakika 20 au 30. Tahadhari na zile balbu za kuchaji zenye betri ndani. Ni nzuri umeme ukikatika, lakini ikifungwa kwenye mstari mmoja na balbu nyingine inaweza kukataa kuzimika taima inapokata, ikaendelea kuwaka mpaka betri yake iishe, na wewe umelala. Mwambie fundi aipe waya wake.

Hawalali, wanasikika wakila usiku wa manane

Zunguka nyuma ya banda utafute taa ya ulinzi. Ya kwako au ya jirani. Tunazifunga kwa sababu ya wezi, na ni haki, lakini nyingi zimeelekezwa bandani moja kwa moja. Ingia ndani saa 4 usiku, funga mlango, simama dakika 5 macho yazoee. Ukiona kivuli chako ukutani, hilo si giza. Kuku asiyepata giza hana usingizi wa kweli, anashtuka ovyo, anakula zaidi bila kuongeza yai, na akikaa hivyo muda mrefu macho yake yanaharibika.

Huna haja ya kuizima. Kata kipande cha bati, kikunje kama ukingo wa kofia, kifunge juu na ubavuni mwa taa ili mwanga uende njiani na getini. Kwa jirani, nenda na trei ya mayai na uombe kwa upole. Zile taa za kuwaka mtu akipita zisitazame banda kabisa, paka mmoja akipita kundi zima linaruka.

Mayai sakafuni

Washa taa ya banda na utafute kona iliyo na giza kuliko kiota. Huko ndiko wanakotaga. Sogeza balbu moja iangaze kona hiyo, na uongeze kivuli kwenye viota. Mwendo kati ya balbu na balbu usizidi mara moja na nusu ya kimo chake kutoka usawa wa kuku, ndipo usipate mabaka ya giza. Futa balbu kila wiki, maana utando wa buibui na vumbi la maranda hula mwanga mwingi.

Ganda jepesi Februari na Machi

Joto la miezi hiyo linawafanya wasile mchana, na ganda linajengwa kwa karibu saa 20, sehemu kubwa yake usiku, chokaa ya tumboni imekwisha. Wape vipande vya makombe ya baharini yaliyopondwa saa 10 jioni, vikubwa kidogo vikae tumboni usiku. Kama bado, ipo njia ya kuwasha taa saa moja katikati ya usiku, kwa mfano saa 5:30 hadi 6:30, ili wale na kunywa. Lazima giza la kabla na la baada liwe saa 3 au zaidi. Mimi naitumia shingo upande, kwa sababu inakata usingizi wao, na naiacha joto likipungua, kwa kuipunguza dakika 15 kila wiki. Wenye banda lenye hewa nzuri na paa la makuti mara nyingi hawaihitaji.

Ikiwa si taa

Tatizo la mwanga linakuja polepole, kwa wiki. Mayai yakianguka nusu ndani ya siku mbili, usiguse taima. Angalia maji kwanza: kiu ya siku moja ya Februari inatosha kusimamisha kundi. Kama maji yapo, tazama kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda, kukoroma, mayai yaliyopinda au yasiyo na ganda, na ujiulize chanjo ya kideri ilikuwa lini. Hapo beba aliyekufa siku hiyo hiyo, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, umfikishe ofisi ya mifugo kabla hajaoza, na ratiba ya taa iache kama ilivyo mpaka utakapopata jibu.